Siku moja maishani mwangu: nyasi zisizozaa mbegu na mzee mwenye haraka

Saa 11:40 alfajiri

Siku kama ya leo nagusa udongo kabla ya kunawa uso. Nachomeka kijiti kando ya mashina mama. Kikigonga barafu, narudi kulala. Kikizama, kazi ipo. Leo kimezama chote. Baridi imeachia na chipukizi bado hazijatokeza juu, na hapo katikati ndipo penye riziki yangu: wiki chache tu, kati ya udongo kulainika na nyasi kuamka. Ukichelewa ukachimba chipukizi zikiwa na urefu wa kidole, nyingi utazivunja kwa mikono yako mwenyewe.

Kwa asiyenijua, mimi huzalisha nyasi ndefu za mapambo na kuzipanda kwenye ardhi za uwindaji ziwe ua. Mwindaji anataka kutoka njiani mpaka kwenye ulingo wake bila kulungu walioko malishoni kumwona. Anataka pia kulungu wenyewe wajione wamefichwa, maana wakiona gari linapita barabarani hawatoki msituni mpaka giza liingie. Hapo ndipo ninapoitwa.

Nyasi zenyewe ni miskanthasi, ile aina kubwa ambayo kitaalamu ni *Miscanthus × giganteus*. Zikikomaa hufika mita 3 hadi 4. Urefu peke yake si hoja, mimea mirefu ipo mingi. Hoja ni kwamba zikikauka hazilali. Majani hupukutika, mabua yanabaki wima msimu wote wa baridi, kwa hiyo ua upo wakati ule ule watu wanapowinda.

Saa 12:30 asubuhi

Mpwa wangu amefika, huu ni msimu wake wa kwanza nami.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Glavu ziko wapi?"

Anacheka, anasema ni nyasi tu. Namwachia. Baada ya dakika kumi anarudi kuziomba, kiganja kina mstari mwembamba wa damu. Kingo za majani haya ni msumeno, hata yakiwa makavu.

Tunafyeka mabua ya mwaka jana, tunaacha visiki vya sentimita 10 hivi ili tuone shina lilipo. Mabua hatuchomi. Tunayafunga matita na kuyaweka kando, jioni yatakuwa matandazo.

Saa 1:20 asubuhi

Sasa kuchimba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoharibu.

Kinachochimbwa kwa usahihi si mizizi, ni mashina yanayotambaa chini ya udongo, yana pingili na macho kama tangawizi. Shambani sote tunasema mizizi na tunaelewana. Shina lililokaa miaka mitatu au minne limejaa, na mtu akiliona anakimbilia kupasua katikati kwenye wingi. Katikati ndiko kwa wazee: kugumu, kweusi, mizizi imesongamana na mingine imeshakufa. Vijana wako pembeni. Nazunguka na sepetu, nakata duara, kisha nanyanyua ukingo tu. Katikati nakuacha, nafukia, shina mama linaendelea na maisha yake.

Napenda kumwonyesha mtu mzizi mmoja mzuri kabla hajagusa mingine. Una unene wa kidole, ganda la rangi ya majani makavu, na ukiukata ndani ni mweupe na unyevu, unalia *kwach* kama muwa. Macho yake yamechongoka, meupe yenye wekundu kwenye ncha. Mbovu haufichi: mwepesi mkononi, ndani kahawia, ukiubonyeza unabonyea. Mpwa wangu aliweka mibovu mitatu kwenye ndoo. Sikusema kitu. Nilimpa mzima na mbovu ashike, mmoja kila mkono, akaitoa mwenyewe.

"Mjomba, si tungepanda mbegu tu?"

Swali zuri, na kila mteja huliuliza. Hizi hazina mbegu inayoota. Ni chotara, mzazi mmoja ni *Miscanthus sinensis* na mwingine *Miscanthus sacchariflorus*. Mmoja alileta seti moja ya kromosomu 19, zile nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, na mwingine seti mbili, jumla 57. Seti tatu hazigawanyiki vizuri kwa wawili, basi maua yanatoka mazuri, ya manyoya, yasiyo na kitu. Kama nyumbu, mtoto wa punda na farasi: ana nguvu lakini hazai. Mmea uliosambaa zaidi ulichukuliwa Japani na mkulima wa mimea aitwaye Aksel Olsen, akaupeleka Denmark mwaka 1935. Tangu hapo umekuwa ukikatwa na kupandwa, kukatwa na kupandwa. Mpwa wangu aliangalia ndoo kwa muda. "Kwa hiyo huu ni ule ule?" Ndiyo. Ni ule ule, umebadilisha tu mashamba.

Ugumba huu unatuchosha mgongo, lakini ndio unaonipa usingizi. Ndugu zake wenye mbegu hai husafiri na upepo hadi kwa jirani asiyewataka. Na matete yale makubwa, *Arundo donax*, ambayo kila mtu hunipendekezea kwa kuwa yanaota upesi? Kipande kikianguka mtoni kinakwenda kuanzisha ufalme wake huko chini. Mimi siyapandi, na anayetaka niyapande atafute mtu mwingine.

Saa 3 asubuhi

Kukata ni kivulini. Meza, mkasi wa kupogolea, ndoo mbili, na gunia lililoloa maji. Kila kipande sentimita 10 hadi 15, na macho yasiyopungua mawili au matatu. Jicho moja linaweza kuota, lakini likikatika umepoteza shimo zima.

Gunia lina historia. Msimu wangu wa pili nilikata vipande karibu mia mbili asubuhi nzima, nikavipanga vizuri kwenye toroli, nikaenda kushughulikia pampu iliyoharibika. Jua halikuwa kali hata. Upepo ndio ulikuwepo. Niliporudi baada ya saa tatu vilionekana sawa tu, nikavipanda. Vikaota 31. Nililaumu udongo, nikalaumu panya, mpaka nilipochimbua vichache nikakuta vimesinyaa. Mzizi huu ukikaukia juu haukupi taarifa. Tangu siku hiyo kipande kikitoka kwenye mkasi kinaingia chini ya gunia bichi, na siku ambayo sipandi navifunga kwenye mfuko pamoja na unga wa mbao wenye unyevu, naweka mahali pa baridi pasipogandisha.

Saa 5 asubuhi

Kitaluni, haraka. Hapa nina miche niliyoitoa kwenye bua lenyewe, siyo chini. Mwishoni mwa kiangazi nilikata mabua mabichi, nikachukua vifundo vya chini tu, kila kimoja kikiwa na vidole viwili vya bua pande zote, nikavilaza kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji wenye unyevu na joto. Vifundo vya juu karibu na ua la mmea vilioza karibu vyote. Vya chini vilitoa mizizi, vikahamia kwenye viriba.

Uzuri wa njia hii ni kwamba bua moja linakupa miche kadhaa bila kuchimba chochote. Ubaya wake ni majira ya baridi ya kwanza. Mche wa bua huingia kwenye baridi ukiwa na akiba ndogo sana chini, na udongo ukigandishwa kisawasawa unakufa. Ndiyo maana umelala ndani. Leo nimehesabu viriba 46 vyenye uhai, nimemwagilia kidogo, nimeondoka. Vitakuwa vya kuzibia mapengo.

Saa 6:20 mchana

Simu. Mzee mwenye ardhi tunayopanda leo mchana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Huo ukuta, msimu huu wa uwindaji si utakuwa tayari?"

Nilishamweleza mara mbili. Nikamweleza ya tatu, kwa adabu ile ile. Mwaka wa kwanza nyasi hujenga chini. Juu utaona kitu cha kifuani, pengine kichwani pakiwa na rutuba. Mwaka wa pili zitampita mtu. Ukuta wa kuficha gari ni mwaka wa tatu.

Kimya. Mzee huyu ukimya wake ni mrefu.

"Basi tia mbolea."

Hapo ndipo nilipoketi. Mbolea ya mwaka wa kwanza inalisha magugu. Nyasi zenyewe bado hazina mdomo wa kuila, magugu yana mdomo mkubwa, na kivuli cha magugu kinaua nyasi hizi kuliko ukame. Nikampa njia nyingine: tupande mtama mrefu wa mwaka mmoja, mistari kadhaa, utamfichia msimu huu wakati nyasi zinajenga. Lakini uwe mbali na mstari wetu, mita 3 au zaidi, na usiwe upande wa jua. Nimewahi kuona mtu amechanganya vyote viwili kwenye mstari mmoja. Mtama ulipendeza sana. Nyasi hazikuonekana tena.

Mzee akakubali, kisha akasema kama anayezungumza peke yake, "Miaka mitatu. Mimi nina miaka 71." Sikuwa na jibu. Nikamwambia tunaanza saa nane.

Saa 8 mchana

Kamba imetandazwa. Hesabu niliifanya juzi: ua wa mita 100, mistari miwili, sentimita 90 kati ya shimo na shimo. Kila mstari mashimo 112, jumla 224. Mstari wa pili tunausogeza nusu nafasi, ili kila shina lizibe pengo la mwenzake. Tumekuja na vipande 260, maana vingine havitaota na hakuna atakayekwambia vipi.

Kabla ya jembe kugusa chini nilibishana kidogo na mchoro wa mzee. Alitaka ua uzunguke malisho yote, duara. Nimemshawishi tuache mwanya upande wa msitu, usawa wa ulingo. Kulungu akikuta ukuta huufuata pembeni mpaka apate pa kupita, na hapo pa kupita ni vizuri uwe umepachagua wewe. Jambo la pili ni upepo. Ua huu unaziba macho, hauzibi pua. Mtu akipita nyuma yake huku upepo unavuma kuelekea malishoni, kulungu hawana haja ya kumwona. Kwa hiyo njia ya kuingilia tumeiweka upande ambao upepo wa kawaida unatoka malishoni kuja kwetu.

Kupanda kwenyewe hakuna maneno mengi. Shimo la sentimita 10, kipande kinalazwa, macho yakitazama juu kama yanaonekana, yasipoonekana yatatafuta njia. Udongo unarudi, kisha kisigino. Kukanyaga ndiko watu wanakosahau. Pakibaki uwazi chini, mzizi unaning'inia hewani na kukauka pale pale ndani ya udongo. Mpwa wangu anapanda, mimi nakanyaga. Kila nikifika kwenye ndoo nainua gunia nione bado ni bichi. Kwenye shimo la 90 hivi nilimkuta amelivua na kulianika kwenye jembe, eti lilikuwa linamchafua. Nilimsimulia habari ya vile 31. Akalirudisha haraka.

Saa 11:15 jioni

Mashimo 186. Mgongo umesema basi.

Tumemwagilia kila shimo mpaka maji yakaacha kunywewa, kisha tukatandaza yale mabua ya asubuhi katikati ya mistari, siyo juu ya mashimo. Yatapunguza palizi, hayataiondoa. Palizi ya mwaka huu nimeiandika kwenye makubaliano kwa jina la mzee, kila wiki mbili hadi nyasi zifunge, na najua atanipigia simu wiki ya sita kuniambia haoni chochote ila magugu.

Saa 12:40 jioni

Tumepakia vifaa. Mpwa wangu alinigusa bega akaelekeza kidevu msituni. Kulungu jike, na nyuma yake mdogo wa mwaka jana. Walitoka pale pale tulipoacha mwanya, ingawa bado hakuna ukuta wowote, ni mistari miwili ya udongo mbichi tu. Jike akanusa matandazo, akakanyaga mstari wa kwanza, akapita, akakanyaga wa pili. Mdogo akasimama katikati akikojoa.

"Mjomba, wametukanyagia."

"Wacha wakanyage. Wamefanya kazi ya kisigino."

Saa 2:30 usiku

Vipande 74 vilivyobaki vimelala kwenye unga wa mbao. 38 vya kesho asubuhi, vingine akiba. Nimemtumia mzee picha ya mistari. Amejibu kwa neno moja: "Sioni." Nimemwandikia kwamba mtama nitauleta udongo ukishapata joto, kisha nikaweka gunia kwenye ndoo ya maji lisije likakauka usiku.