Daftari lililonichagulia cha kujifunza

Kwa miezi mitano nilijifunza kitu ambacho sikukitumia kazini hata siku moja, na mpaka leo nikikumbuka nakereka. Mimi ni mhandisi wa mitambo. Siku zangu ni pampu, mota na mabomba. Lakini kila niliyemuuliza nijiendeleze kwa lipi alinipa jibu lile lile: soma akili mnemba, mengine yote yamepitwa na wakati. Nikalipia kozi, nikakesha nayo. Nilijua kuifundisha kompyuta itofautishe picha za paka na za mbwa, mitihani yote nikafaulu, kisha asubuhi nikarudi kwenye pampu inayotetema nikiwa sina la kuiambia. Wiki chache bila kuyagusa, yale niliyoyakeshea yakaanza kufutika.

Akili mnemba ina kazi zake na wenyewe wanaoihitaji. Kinachoniudhi ni kwamba hakuna hata mmoja wa washauri wangu aliyeniuliza kwanza nakwama wapi.

Ikabidi nijiulize mwenyewe, na namna nilivyojijibu ndiyo ninayojivunia kuliko yote. Nilitafuta daftari dogo la kuingia mfukoni. Kila nilipokwama kazini niliandika mstari mmoja tu: nimekwama kwenye nini, na nimelazimika kumwita nani. Ninachopenda au kutamani sikukiandika humo, maana tamaa ndiyo iliyokuwa imenipeleka kwenye paka na mbwa. Baada ya siku 30 za kazi nilikuwa na mistari 46. Mistari 19 kati ya hiyo ilikuwa jambo moja: mashine inatetema, mtaalamu wa nje ameleta grafu, mimi siwezi kuisoma. Hilo jina la uliyemwita usiliache. Likijirudia, ujue anachokijua mtu huyo ndicho unachokikosa wewe.

Basi nikachagua uchambuzi wa mitetemo. Kabla ya kuanza nilitazama umri wa elimu yenyewe, jambo ambalo sasa silikosi kamwe. Njia ya haraka ya kupata masafa yaliyomo ndani ya wimbi, yaani linajirudia mara ngapi kwa sekunde, ile FFT, wanahisabati Cooley na Tukey waliichapisha mwaka 1965, na mwanahisabati Mjerumani Gauss alikuwa ameshaitumia hesabu ya namna hiyo mnamo 1805. Kitu kilichodumu hivyo hakitanichachia mkononi kabla sijamaliza kukisoma.

Vifaa vyote, yaani kihisi cha mtetemo, maikrokontrola (kompyuta ndogo ya kwenye chipu moja) na nyaya, havikufika bei ya ile kozi. Hesabu ya kutafuta masafa niliiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwanza kwa njia ndefu. Kwa sampuli 1,024, yaani vipimo 1,024 vya wimbi vilivyofuatana, njia ndefu ina kuzidisha zaidi ya milioni moja. FFT inamaliza kwa kiasi cha elfu kumi. Fanya zote mbili kwa mkono wako, utaelewa kwa nini watu wanaiheshimu.

Kisha nikafunga kihisi kwenye pampu iliyokuwa ikilalamikiwa. Fundi mkuu alikuwa ameshaweka ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi na mpini sikioni, akasikiliza, akasema, "Mhandisi, hii ni beringi." Nilimwomba anisubiri nione kwa vipimo. Nilichukua sampuli 100 kwa sekunde. Grafu ikatoa kilele kirefu, safi kabisa, kwenye 11 Hz, yaani mara 11 kwa sekunde.

Kilele hicho kilinila siku nne. Mota ilizunguka mara 1,480 kwa dakika, karibu 24.7 kwa sekunde, na pale hapakuwa na kitu kinachozunguka mara 11. Nikakagua msingi wa zege. Nikakaza boliti zote. Nikashuku bomba la kunyonyea, nikalifungia kishikizo cha muda. Kilele hakikusogea hata kidogo. Usiku wa nne nikiwa kitandani nikakumbuka magurudumu ya gari kwenye filamu, yanavyoonekana kurudi nyuma huku gari likienda mbele. Kamera inapiga picha chache mno kwa sekunde, jicho linadanganyika. Na mimi nilikuwa nikiupiga mtetemo picha 100 tu kwa sekunde, kwa hiyo chochote kilichozidi nusu yake, 50 Hz, kingejitokeza kimevaa sura ya kitu kingine.

Asubuhi nilifanya jaribio ambalo sasa namfundisha kila kijana anayekuja kwangu. Sikugusa pampu. Nilibadilisha kasi ya kuchukua sampuli tu, kutoka 100 hadi 130. Kilele cha kweli hubaki pale pale. Cha uongo huhama. Changu kiliruka kutoka 11 hadi 41 Hz. Nikakaa chini na kalamu: mtetemo gani, ukitolewa kwenye 100 unabaki 11, na ukitolewa kwenye 130 unabaki 41? Ni 89.

Beringi ile ilikuwa na gololi 9. Ringi ya nje ikiwa na kidonda, kila gololi inayopita inakigonga, na kwa makadirio ya haraka unazidisha mizunguko ya shafti kwa idadi ya gololi kisha kwa 0.4. Yaani 24.7 mara 9 mara 0.4. Unapata 89. Nilipiga hesabu hiyo mara tatu, mikono ikitetemeka kwa furaha.

Nikaweka rizista ya omu 1,600 na kapasita ya maikrofaradi 0.1 mbele ya kifaa ili kupunguza yale yanayozidi kama 1,000 Hz, nikapandisha sampuli hadi 5,000 kwa sekunde. Kilele kikatulia kwenye 89, kikifuatiwa na vingine kwenye mara mbili na mara tatu yake. Tulipoifungua beringi, ringi ya nje ilikuwa imebanduka vipande upande wa chini, panapobeba mzigo. Nilimpelekea fundi mkuu mkononi. Akaigeuza, akaitazama, akaniambia, "Sasa mwanangu, unasikia ninachosikia." Sifa hiyo sijapewa na cheti chochote.

Daftari sikuliacha. Mistari ya mitetemo sasa imebaki miwili. Inayoongoza safari hii ni mita zinazozungumza Modbus, lugha ya mitambo iliyopo tangu 1979, ambazo kila zikinyamaza namwita fundi wa umeme. Nimeshaazima mita moja ya zamani na nimeifunga mezani nyumbani. Jana usiku ilinijibu namba yake ya kwanza.