Mfungo usiotuacha peke yetu

Napenda Kwaresima, kipindi cha toba kabla ya Pasaka, kuliko majira mengine yote ya Kanisa, hasa kwa sababu hatuipitii kila mtu kivyake. Jumatano ya Majivu tunasimama mstari mmoja, wazee kwa watoto, na kila paji la uso linapakwa majivu yaleyale ya matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita.

Siku ni 40 ukiziacha Jumapili, maana kila Jumapili ni ukumbusho wa Ufufuko. Nguzo ni tatu: sala, kufunga na sadaka. Kufunga tunakuelewa upesi. Sadaka ndiyo nzito, kwa kuwa tumezoea kuitumbukiza kapuni na yakaisha.

Isaya sura ya 58 haituachii mwanya huo. Mfungo anaoutaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako na kumvika aliye uchi. Ndiyo maana baada ya Njia ya Msalaba, ibada ya kutafakari mateso ya Yesu, kila Ijumaa, jumuiya yetu haitawanyiki. Tunagawana nyumba za wagonjwa na wazee wasioweza tena kufika kanisani. Mimi huenda kwa bibi mmoja mjane. Nafagia, nafua, kisha nakaa, na kukaa huko ndiko anakokusubiri zaidi. Macho yake yamefifia, basi namsomea Injili ya siku. Hunisimamisha kila neno linapomgusa, akalitafakari kwa sauti. Mahubiri machache yamenilisha kama maneno ya bibi yule.

Vijana wa kwaya nao wameomba wapewe nyumba. Ijumaa ijayo nakwenda na wawili wao.