Kupakia kayaki peke yangu: keria yapata bomba la kubingirisha

Wiki ya kwanza. Kayaki yangu, mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi, ni ya plastiki, urefu mita 3.7, uzito kilo 26. Gari ni Probox yenye keria, yaani vyuma vya kubebea mizigo juu ya paa. Kutoka Mombasa hadi Mnarani, Kilifi, ni kilomita 60 hivi, na alfajiri ya Jumapili sina wa kumwamsha anisaidie. Nikainyanyua nzima, begani kwanza, kisha juu. Upepo wa kusi ukaidaka ikiwa hewani, ikazunguka kama tanga. Omo, yaani ncha ya mbele ya kayaki, ikakwaruza mlango, na mgongo ukaniuma siku nne.

Wiki ya pili. Ufukweni Mnarani nilimkuta mzee na wanawe wakipandisha mtumbwi mchangani juu ya magogo. Nikampa shikamoo, nikamweleza shida yangu. "Mwanangu," akasema, "chombo hakibebwi. Hubingirishwa." Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza yale magogo.

Wiki ya tatu. Fundi wa kuchomelea ameniongezea bomba la chuma la inchi moja, nyuma kabisa ya keria. Kabla hajachomea ncha ya pili tulilivisha bomba la plastiki la maji, la inchi moja na nusu, likabaki huru linazunguka. Plastiki tuliifunika matambara mabichi isiyeyuke kwa moto.

Sasa nailaza kayaki nyuma ya gari, tezi, yaani ncha yake ya nyuma, juu ya mkeka mkuukuu. Nainua omo tu, naiegemeza kwenye bomba. Nikishahakikisha imetulia, nazunguka hadi tezi, nainyanyua na kusukuma. Omo nikiinua, ardhi inabeba nusu. Tezi nikiinua, bomba linabeba nusu. Mikono yangu inapata kilo 13 tu, na kadiri kayaki inavyosogea mbele ndivyo inavyozidi kuwa nyepesi. Nilipoiona ikiteleza yenyewe hadi kwenye zulia nililovisha chuma cha mbele, nilipiga kelele za furaha, saa kumi na moja alfajiri!

Kufunga nako kumenifunza. Mikanda ya kukaza kwa wenzo niliiminya mno, na plastiki iliyolainika kwa jua ikabonyea. Nimeiacha. Natumia mikanda ya bizimu, nakaza kwa nguvu za mkono, na kila mmoja naupindua mara moja ili upepo usiufanye uvume. Omo na tezi kila moja ina kamba yake hadi kwenye pete ya kuvutia gari. Hizo siziruki hata kwa safari fupi. Baada ya kilomita chache nasimama, nakagua tena.

Wiki ya tano. Kupakia na kufunga: dakika 12. Nilikuwa majini kabla jua halijachomoza.

Limebaki moja: kayaki ikiwa juu, mlango wa nyuma haufunguki. Kafi na jaketi la kuokolea navitia kwenye viti vya nyuma kabla sijaanza kupakia.