Mtihani wa katikati: kuusomea au kuuacha?

Bukavu, Jumapili jioni

Swali limerudi tena kwenye chumba cha zamu. Huu mtihani wa kila mwaka, ambao haumpi mtu ubingwa wala haumnyimi, asistanti, yaani daktari anayesomea ubingwa, ausomee au auingie jinsi alivyo?

Wanaosema "usisome" wana hoja. Mtihani huu ni kipimo. Ukikesha wiki mbili ukimeza maswali ya miaka iliyopita, alama zitaonyesha wiki mbili hizo tu, zile nyingine hamsini zimejificha. Ni kama kumpa mgonjwa parasetamo, kumpima homa baada ya saa moja, na kufurahi kuona 37.

Ila alama hazibaki ndani ya bahasha. Marekani, wanaosomea upasuaji hufanya mtihani wao mwishoni mwa Januari. Ulikusudiwa kuonyesha mapengo, lakini wanaochagua nani aendelee na ubingwa mdogo, ule wa tawi moja ndani ya ubingwa, huziangalia alama hizo. Na kwetu, patroni, yaani mkuu wa idara, akishaona 9 kwa 20 hasahau upesi. Basi kusoma kupo. Kazi ni kujua unasoma nini.

Chukua salfati ya magnezi, dawa ya kifafa cha mimba. Kila asistanti wa uzazi anaijua dozi hata akiwa na usingizi: gramu 4 mshipani polepole, gramu 10 msulini, 5 kila tako, halafu 5 kila saa 4. Mtihani hauulizi hapo. Unakuletea mama aliye kwenye dawa hiyo, anayepumua mara 10 kwa dakika, ukigonga goti mguu hauruki, mkojo ml 60 tangu saa 4 zilizopita. Utaanza na nini? Aliyekariri dozi anatafuta dozi. Aliyeelewa kwamba magnezi hutolewa na figo, na kwamba ikizidi mwilini goti hunyamaza kabla pumzi haijakatika, anasimamisha dawa, anasaidia pumzi, anampa kalsiamu glukonati gramu 1 mshipani polepole.

Fishi ya mama huyo, yaani kikadi chenye swali mbele na jibu nyuma, ni fupi. Mbele: "Kabla ya dozi inayofuata naangalia nini?" Nyuma: goti linajibu, pumzi 16 au zaidi, mkojo ml 30 kwa saa au zaidi, na chini yake neno moja: figo.

Iandike usiku uleule wa zamu, moja inatosha. Kisha usiisome, jiulize. Watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke walilipima jambo hili mwaka 2006: dakika 5 baada ya somo, waliorudia kusoma ndio walioongoza, wiki moja baadaye, waliojipima wakawapita. Ndiyo maana ukurasa uliosomwa mara tatu unaonekana mwepesi Jumapili, na Jumapili inayofuata umeshayeyuka. Irudie kesho, baada ya siku 3, baada ya wiki, baada ya mwezi. Maswali 10 kwa siku yanaingia. 100 baada ya zamu ya saa 24 ni kuchosha macho bure.

Mikusanyo ya maswali ya kutoka nje ina kasoro yake: inadhani skana, mashine ya kupiga picha ndani ya mwili, iko ghorofa ya chini. Malaria kali kwao ni swali la msafiri. Hapa ni kitanda cha kila siku, artesunate mg 2.4 kwa kilo saa 0, 12 na 24, na mg 3 kwa kilo kwa mtoto aliye chini ya kilo 20. Kwa hiyo andika majibu mawili, la karatasi na la wodi. Yakipishana sana, lipeleke swali kwenye stafu ya asubuhi, kikao cha madaktari wa idara.

Alama zikitoka, jumla iache kwanza. Gawa makosa mafungu matatu: sikujua, nilijua nikasahau, nilisoma swali vibaya. La kwanza linataka kitabu, la pili fishi. La tatu likiwa kubwa, tazama ratiba: aliyetoka zamu ya Jumapili usiku akaingia mtihani Jumatatu saa mbili asubuhi amepimwa usingizi. Kubadilishana zamu kuombwe mapema, kabla karatasi ya zamu za mwezi haijabandikwa ukutani.