Joto la usiku kwenye chumba cha miche, Mtwara na Lindi

Maelekezo mengi ya kukuza mimea ndani ya nyumba chini ya taa yameandikwa na watu wanaohangaika kupasha chumba joto. Pwani ya kusini hangaiko letu ni la kupoza, na usiku ndio unaosumbua zaidi. Miche ya nyanya huvumilia mchana wa nyuzi 30 ikiwa usiku unashuka hadi 20. Usiku ukibaki 26, shina linakuwa jembamba na majani yanapauka. Gizani mmea hautengenezi sukari, unakula akiba ya mchana tu, na joto likipanda kwa nyuzi 10 ulaji huo hukaribia mara mbili.

Kabla ya kununua chochote, pima. Tafuta kipimajoto cha kidijitali kinachotunza kiwango cha juu na cha chini, kining'inize usawa wa majani, ukikinge na mwanga wa taa kwa karatasi nyeupe. Kikipigwa na taa kitakudanganya. Andika namba kwa wiki nzima. Chumba cha tofali za saruji chenye ukuta unaotazama magharibi mara nyingi kinabaki cha moto hadi saa 4 usiku, kwa sababu ukuta unatoa joto ulilomeza tangu mchana. Mabati bila dari hupoa upesi likizama jua, lakini saa 8 mchana hapakaliki. Dari yenye nafasi ya hewa juu yake, au makuti, itakusaidia kuliko feni ya pili.

Kati ya Juni na Agosti, kusi likivuma, kazi ni nyepesi. Usiku wa Mtwara mjini hushuka karibu na 20, na Newala, juu ya uwanda wa Makonde, hushuka zaidi. Hapo angalia pengo: mchana ukizidi usiku kwa nyuzi 10 na zaidi, shina hurefuka. Dawa yake ni alfajiri. Washa taa saa 11 na ufungue madirisha wakati huohuo, hewa baridi ipite kwa saa 2 au 3. Saa hizo za kwanza za mwanga ndizo shina huwa jepesi zaidi kurefuka, na baridi hulizuia.

Kuanzia watu wanapookota korosho joto limeshapanda, na ikifika Desemba geuza ratiba. Weka taima taa ziwake saa 3 usiku hadi saa 5 asubuhi, jumla saa 14, na mchana ziba mwanga kwa pazia zito huku hewa ikipita. Hivyo joto la taa linaangukia saa za baridi. Ratiba hii ina kasoro: giza linakuwa na joto kuliko mwanga. Miche itakuwa mifupi, jambo zuri, lakini giza likifika nyuzi 32 mimea itadhoofika na faida yote imekwenda. Kama huwezi kuushikilia mchana chini ya 28 au 29, acha nyanya, otesha bamia, mchicha na bilinganya. Kiyoyozi kinaweza kuokoa jahazi, ila hesabu uniti za umeme kwanza.

Karibu kila wati ya taa za LED inaishia kuwa joto chumbani. Hesabu ya hewa ni rahisi: wati mara 3, gawanya kwa nyuzi unazokubali kuzidi joto la nje. Taa za wati 120 kwa tofauti ya nyuzi 3 zinahitaji mita za ujazo 120 kwa saa. Chukua feni ya kutoa hewa yenye uwezo mara mbili ya hapo, maana wavu wa mbu unaibana. Iweke juu ukutani, tundu la kuingiza liwe chini upande wa pili. Draiva za taa, yaani visanduku vinavyozilisha umeme, zikikaa nje ya chumba, umepunguza karibu asilimia 10 ya joto bure. Feni ya mezani kwenye chumba kilichofungwa haipozi hewa hata kidogo, mota yake inaongeza joto. Kazi yake ni kukausha majani.

Na kukausha ni lazima. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 ikipoa hadi 24 tu, inaanza kuacha maji juu ya majani, na hapo kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoozesha shina la miche, kinaangusha trei nzima. Kwa hiyo taa zikizimika, feni iendelee saa 2 zaidi, na umwagiliaji ufanyike mwanzo wa saa za mwanga. Ujanja wa kutundika magunia mabichi mbele ya feni waachieni wa Dodoma wenye hewa kavu. Kwa nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70, ukifanikiwa sana utashusha nyuzi 3 au 4, na utakuwa umekigeuza chumba bafu.

Maji pia yana joto lake. Tangi jeusi lililo juani huchemsha mizizi, na maji ya nyuzi 30 hubeba oksijeni miligramu 7.5 kwa lita badala ya 9 kwa nyuzi 20. Lifunike tangi, au chota maji jioni uyatumie asubuhi.

Letusi ina ukaidi wake: udongo ukizidi nyuzi 28 mbegu nyingi hugoma kuota. Mwaga mbegu saa 12 jioni zinywe maji usiku, na trei ikae sakafuni, mbali na taa, hadi zichomoze.