Vikapu vilivyonyamaza

Binti yangu alikuwa akitafuta gundi kwenye droo, akaibuka na bunda la stika nyeupe zenye mistari myeusi. "Mama, hizi ni za duka gani?" Nikamwambia ni za Marekani, akatosheka, akaenda zake. Mimi nikabaki na ule usiku wa Agosti 2024.

Mzigo wa vikapu vya kikundi chetu ulikuwa wa ile Ijumaa kubwa ya manunuzi ya Wamarekani, tarehe 29 Novemba mwaka huo. Mtu akisikia Novemba hudhani muda upo. Hebu hesabu kurudi nyuma. Ghala la soko la mtandaoni hupokea mzigo kwa miadi, na likishaupokea bado kuna siku za kuuhesabu na kuupanga kabla mnunuzi hajauona. Kabla ya hapo kuna forodha ya kule, na kabla ya forodha kuna bahari. Mwaka ule meli nyingi zilikuwa zikiikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Afrika Kusini, ratiba hazishikiki. Nayo meli ya Mombasa ina siku yake ya kufunga kupokea makontena. Sisi hata kontena letu hatukuwa nalo. Tulichangia na wengine, na kontena la kuchangia halimsubiri mtu mmoja. Kwa hiyo Krismasi ya Marekani ilikuwa ikiamuliwa kwetu Dunga, kando ya ziwa hapa Kisumu, mwezi wa nane, na jua la Dunga.

Lori lilikuwa nje tangu magharibi. Maboksi yote yalikuwa yamepimwa, hakuna lililozidi kilo 22, maana mpaka wa ghala lile ni pauni 50 kwa boksi. Akina mama walikuwa wakibandika stika za mwisho. Dani, yaani bibi kwa Kijaluo, akasimama.

Mnaomjua mnajua hapandishi sauti. Aliinamia boksi lililokwisha kufungwa, akalinusa, akachana selotepu, akatoa kikapu kimoja. Akakiinua hadi sikioni na kuukunja ukingo polepole. Aliyefanya kazi na magugumaji, yale ya ziwani tunayosukia, anajua: bua lililokauka hulia, tap. Bua lenye maji ndani hunyamaza, linajikunja tu kama mkanda. Kikapu kilinyamaza. Akachukua cha pili, akasikiliza. Cha tatu. Tanboi aliyekuwa akitafuna muwa mlangoni akaacha kutafuna.

"Mwanangu, hivi vitaota ukungu njiani."

"Dani, maboksi yamekwisha kuandikwa."

"Basi yaandikwe upya."

Kuandika upya hakukuwa kazi ya kalamu tu. Taarifa za mzigo hutakiwa na forodha ya Marekani saa 24 kabla haujapakiwa melini, na mfumo wa ghala unajua kila boksi limebeba nini. Ukitoa boksi moja, karatasi zote zinasema uongo. Nikampigia wakala wetu wa mizigo Mombasa. "Dada, nipe idadi ya mwisho kufikia asubuhi. Baada ya hapo sina la kufanya."

Vikapu vilivyonyamaza karibu vyote vilitoka mkono mmoja, mama kijana anayeishi chini karibu na maji, ambaye mvua za jioni hazikumpa nafasi ya kuanika. Alikuwa pale pale, na stika mkononi. Hakusema neno. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa kwa muhula wa tatu, na kanuni yetu ilikuwa kwamba malipo ya kwanza hutolewa kwa kilichopanda lori.

Nilitoa maboksi yake. Ndani ya kontena lililofungwa, joto la mchana na baridi ya usiku hufanya bati litoe jasho, linadondoka juu ya mizigo, na kikapu chenye unyevu huharibu vilivyo jirani. Hilo nalijua na ningelirudia leo.

Lori likaondoka kabla ya alfajiri, likapita Ahero, likapanda Kericho. Meli tuliiwahi. Kisha mzigo ukakwama bandari ya kati ukisubiri meli nyingine, na vikapu vikaonekana kwa wanunuzi siku chache baada ya ile Ijumaa. Viliuzwa, si vyote. Vile vya mama kijana vilikauka vizuri na kufuata mzigo wa baadaye.

Ada ya mtoto wake tuliichanga. Aliipokea, akashukuru, kisha akaniambia maneno ambayo sijaweza kuyajibu: "Mmenisaidia, lakini mimi sikuomba msaada. Mimi nilisuka."

Dani anataka malipo yafuate kusuka, lori liwe shauri la kikundi. Mweka hazina anauliza nani ataubeba mzigo wa kikapu kisichouzika, na swali lake si baya. Mfuko wetu ni mdogo. Wote wawili nawaelewa. Meli ya mwaka huu imeshatangaziwa siku yake ya kufunga, mabua yameshaanza kuanikwa, na kikao ni Jumamosi.