Santuri ya Nairobi, kodi ya London

Kikaratasi kimesukumwa kwenye tundu la barua mlangoni: mzigo wako umeshikiliwa, lipa kwanza pauni 40.80. Ndani ya mzigo wenyewe mna santuri mbili za inchi saba, zilizoimbwa Kiswahili na vijana wa Tanzania, zikachapwa Nairobi, zikaishia kwenye sanduku la mkusanyaji mmoja huko Marekani. Leo zinaingia Uingereza kama bidhaa ngeni. Zaidi ya laki moja ya Kitanzania, na santuri zenyewe zilishalipiwa zamani.

Hesabu iko hivi. Ukiagiza kutoka nje mzigo unaozidi pauni 135, VAT ya asilimia 20 inakungojea mpakani, na inapigwa juu ya bei pamoja na nauli ya posta. Santuri mbili za 75 ni 150, posta 14, jumla 164. Asilimia 20 yake ni 32.80. Halafu aliyeubeba mzigo anaongeza nane yake ya "kuhudumia". Kodi haikimbiliki, hata kwa kitu kilichochakaa. Ila hiyo nane inakwepeka: santuri mbili hizo ukiziagiza siku tofauti, kila moja na bahasha yake, zote ziko chini ya 135, VAT unailipia palepale unaponunua mtandaoni na mzigo unafika bila kikaratasi. Muuzaji akikwambia "nitaandika zawadi", mkatalie. Zawadi ni kitu usichokilipia, kinachotoka kwa mtu kwenda kwa mtu, na msamaha wake unaishia pauni 39. Wakikuta risiti ndani ya boksi, mzigo unaweza kutaifishwa.

Ninyi mnaojiandaa kuja na mnaorithi santuri za mzee, sikilizeni. Anayehamia Uingereza ana haki ya kuingiza vitu vyake bila kodi, mradi amekaa nje ya nchi hiyo angalau miezi 12, na vitu amevimiliki na kuvitumia angalau miezi sita. Ombi linapelekwa forodha kabla mzigo haujasafiri, pamoja na orodha ya vilivyomo. Watu wengi wanatuma kwanza, wanaomba baadaye, ndipo kilio kinaanza. Anayekuja kwa ndege kutembea anaweza kubeba bidhaa za hadi pauni 390 bila kudaiwa, za kwake au za kumpelekea mtu. Santuri ya inchi saba ina upana wa sentimita 18 hivi, kwa hiyo thelathini zinakaa vizuri kwenye begi la mkononi. Usiziweke kwenye sanduku linalopakiwa chini. Na kontena ndiyo usilifikirie kabisa: jua la bandarini linaikunja santuri kama chapati.

Linaloudhi kuliko kodi ni maelezo ya wauzaji. Santuri ya Tanga inauzwa kama ya Kongo, ya mwaka 1982 inaandikwa 1970, na mtu analipa. Lebo nyingi za Nairobi hazina mwaka. Kuukadiria unahitaji vitu ambavyo mzungu mkusanyaji mara nyingi hana: siasa yetu na usajili wetu.

Anza na siasa, maana jina la bendi ni tarehe. Bendi ya chama cha wafanyakazi ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz. Chama kilipogeuzwa JUWATA, bendi ikageuka nacho. Kikawa OTTU, ikageuka tena. Leo ni Msondo Ngoma. Ukikuta NUTA kwenye lebo, uko kabla ya mwisho wa miaka ya 70. Ukikuta JUWATA, umevuka hapo. Vijana Jazz walikuwa wa umoja wa vijana wa TANU. Mlimani Park walizaliwa 1978, na herufi za DDC zikaja mbele ya jina baadaye, shirika la jiji lilipowachukua. Anayesema muziki na siasa visichanganywe hajawahi kusoma lebo ya santuri ya Dar.

Halafu usajili. Wanamuziki wa dansi walihama kama wachezaji wa Kariakoo, na mashabiki wa Msondo na Sikinde, yaani Mlimani Park, walinuniana vilevile kama wa Simba na Yanga. Kwa hiyo sauti nayo ni tarehe. Mwimbaji Muhiddin Gurumo alitoka JUWATA kwenda kuanzisha Mlimani Park 1978, akaondoka 1985 kwenda bendi ya Safari Sound, mwisho akarudi nyumbani Msondo. Ukisikia sauti yake ndani ya Sikinde, mwaka umeshabanwa kati ya 1978 na 1985, lebo iseme isiseme. Ni kama kuona picha ya kikosi cha Simba kilichofika nusu fainali ya Afrika 1974: mwenye kujua mpira hahitaji kuandikiwa mwaka chini yake. Na kwa faida ya wauzaji, Simba Wanyika si bendi ya klabu. Ni ndugu wa Tanga waliohamia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 70, na Les Wanyika wakamegukia humo 1978. Muuzaji anayebandika "Kenya" tu hajakosea kiwanda, amekosea Kiswahili.

Cha tatu ni mpaka. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Redio Tanzania ilirekodi bendi kwa wingi, kanda zikabaki kwenye makabati ya redio. Aliyetaka santuri alielekea Nairobi. Jumuiya ilipovunjika, Februari 1977 mpaka ukafungwa, ukafunguliwa Novemba 1983. Miaka hiyo santuri iliyochapwa Nairobi haikufika Kariakoo kwa njia ya kawaida, ndiyo maana nyimbo kadhaa za Dar zinapatikana kirahisi kwa Wakenya kuliko kwa wenyewe. Uhaba huo unaolipiwa pauni 75 ulitengenezwa na marais, sio na muda.

Sasa kuhusu hali ya santuri. Wauzaji wanatumia herufi. NM ni kama mpya. VG+ ina mikwaruzo midogo isiyosikika sana. VG inakwaruza kwenye sehemu za taratibu. G, ambayo tafsiri yake ni "nzuri", ina maana mbovu: inapasuka kama mahindi sufuriani tangu mwanzo hadi mwisho. Santuri zetu zilipigwa baa na kwenye sherehe, kwa sindano zilizochakaa, hivyo VG ya Afrika Mashariki ni bahati, na anayeandika NM mwombe picha iliyopigwa chini ya taa, kwa ubavu. Mwombe pia namba iliyochorwa kwenye pete laini karibu na lebo. Isipolingana na namba ya lebo, huenda karatasi zilibandikwa vibaya kiwandani, na wimbo utakaousikia si ule ulioununua.

Ikifika, usiipige. Vumbi jekundu likisagwa na sindano linakuwa msasa. Maji yaliyochemshwa na kukingwa mvuke, matone mawili ya sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ufute kufuata mifereji, kisha suuza kwa maji yaleyale bila sabuni. Lebo isilowe. Zile nzito za kasi ya mizunguko 78 kwa dakika, za enzi ya Salum Abdallah na bendi yake Cuban Marimba, zisiguswe na spiriti, maana utomvu wake unayeyuka. Nazo zinataka sindano nene, kwani ile ya santuri za kawaida inazama chini ya mfereji na kuleta mchakacho mtupu. Kwa zile za inchi saba, za kasi ya 45, uzito wa sindano uwe karibu gramu 2 kama kichwa chake kinaruhusu. Mtu anashusha hadi gramu moja akidhani anaihurumia santuri, kumbe sindano inarukaruka na kuchimba kuta.

Na jambo moja la fedha linanikera hadi leo. Mchoraji wa huku picha yake ikiuzwa tena mnadani kwa bei kubwa, sheria ya tangu 2006 inampa asilimia yake. Mpiga solo wa Dar santuri yake ikizunguka mara kumi, muuzaji anakula, posta inakula, forodha inakula, familia yake Temeke haioni hata nauli ya daladala.

Ukiuza ya kwako, itoe santuri nje ya jalada lake, uviweke sambamba katikati ya makadi mawili magumu. Ikibaki ndani, mtikisiko wa safarini unachana mshono. Na ukiwa unaijaribu kabla ya kuuza, piga pande zote mbili. Upande wa A ni hadithi na waimbaji, unafifia pale gitaa linapokaza. Geuza. Chemko, ile sehemu ya magitaa na kucheza, liko upande wa B, na huo ndio upande uliochakaa.